Kabla ya Risasi ya Kwanza: Tuliyojifunza kwa Bunduki za Bolti za Majeshi ya Zamani

Bunduki ya bolti, ile unayoifungua na kuifunga kwa mkono kila risasi, iliyotengenezwa Tula ya Urusi mwaka 1939 au Oberndorf ya Ujerumani mwaka 1941 ni nadra kuharibiwa na umri. Chuma kizuri kilicholala kwenye grisi hakihesabu miaka. Kinachoiharibu ni mikono iliyoipitia: askari aliyesafisha mtutu kwa fimbo ya chuma kutokea mdomoni, fundi wa ghala aliyechomeka bolti yoyote ili hesabu itimie, mwenye duka aliyepiga msasa kitako king'are, na mnunuzi wa juzi aliyeilisha risasi zisizo zake. Kazi ya anayekusanya bunduki hizi, na hasa anayetaka kuzifyatua, ni kuisoma mikono hiyo yote kabla hajatia risasi ya kwanza kwenye chemba, tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi.

Tuanze na uchafu, maana ndio unaosingiziwa ubovu mara nyingi kuliko kitu kingine. Lalamiko linaloongoza kwa wenye Mosin-Nagant ya Kirusi ni bolti kunata: risasi imelia, lakini mkono wa bolti haunyanyuki mpaka ugongwe kwa kiganja au kipande cha mbao. Lawama hupelekwa kwa maganda ya chuma yaliyopakwa vanishi. Kwa kawaida ganda halina kosa. Bunduki hizi zilikaa maghalani kwa miongo zikiwa zimejaa grisi nzito ya kuhifadhia, na ndani ya chemba grisi hiyo ilikauka ikawa utando mgumu wa kahawia usioonekana kwa jicho la haraka. Chemba ikipata moto baada ya risasi 10 au 15, utando hulainika, ganda lililotanuka kwa shinikizo hushikwa nao, na bolti inakuwa kama imegandishwa kwa gundi.

Ili ujue kwamba ni grisi, angalia tatizo linaanza lini. Bolti ikifanya kazi vizuri bunduki ikiwa baridi kisha ikaanza kukaza inapopata joto, shida iko chembani. Ikikaza hata bunduki ikiwa tupu na baridi, tafuta kwenye bolti yenyewe: meno ya kufungia yana makwaruzo, au mteremko wa kukokea umekauka bila mafuta. Dawa ya chemba ni brashi ya shaba ya bunduki ya marisau ya geji 20, iliyofungwa kwenye ufito mfupi na kuzungushwa na drili ya taratibu, huku ikilowanishwa kwa mafuta ya kupunguzia rangi. Zungusha dakika mbili, futa kwa kitambaa, mulika kwa tochi, rudia. Kitambaa kitatoka na rangi ya chai ya rangi mara tatu nne kabla hakijatoka safi. Usitumie msasa hata ule laini kabisa. Msasa hautofautishi grisi na chuma, na chemba iliyopanuliwa hairudi.

Grisi hiyohiyo hujificha mahali pa hatari zaidi, yaani ndani ya bolti, kwenye njia ya pini ya kufyatulia. Hapo hupunguza mwendo wa pini. Matokeo yake ni fataki (kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachowaka kikigongwa) kuwa na kidonda kidogo tu na risasi kukataa kulia, hasa siku ya baridi. Watu hukimbilia kununua springi mpya. Fungua bolti kwanza, uioshe, kisha uamue.

Vipande vya chuma huoshwa vizuri kwa maji yanayochemka, kwa sababu joto huiyeyusha grisi na maji huibeba. Kausha mara moja na upake mafuta mepesi. Petroli iache. Inaosha, lakini mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu. Mbao zinataka subira: zifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ziweke juani, na kila nusu saa zifungue ufute jasho la grisi linalotoka. Siku moja haitoshi kwa kitako kilichonyonya miaka 50. Wanaotia kitako kwenye jiko la kuokea wanapata ufa. Na kwa bunduki zilizokarabatiwa na Wasovieti kumbuka kwamba ule mng'ao mwekundu wa mbao ni shelaki, na shelaki huyeyushwa na spiriti, kwa hiyo kitambaa chenye spiriti kitavua rangi yote ndani ya dakika chache. Bonyeo kwenye mbao linainuliwa kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto. Mvuke huvimbisha nyuzi zikarudi mahali pake. Msasa kwenye mbao hufuta mihuri ya kiwanda na ya wakaguzi, na mihuri hiyo ndiyo nusu ya thamani ya bunduki. Pia hushusha mbao chini ya usawa wa vyuma, na kosa hilo huonekana mpaka ng'ambo ya chumba.

Tukiwa kwenye kufungua: Lee-Enfield za Uingereza za aina ya SMLE zina mtego uliopasua mbao nyingi sana. Bolti ndefu inayoshika kitako cha nyuma ina ncha ya mraba, na ncha hiyo huingia kwenye kibamba kilicho mwishoni mwa mbao ya mbele. Ukianza kwa kuifungua bolti ya kitako, ncha inazunguka na kuipasua mbao ya mbele kutoka ndani, nawe hutasikia ila mlio mdogo. Toa mbao ya mbele kwanza, kila mara, kisha kitako. Mauser 98 ya Ujerumani haina ukorofi huo: koki bolti, simamisha kifungo cha usalama wima katikati, vuta bolti nje, bonyeza kibanio cha pembeni na uzungushe sehemu ya nyuma ikijifungua yenyewe pamoja na pini na springi yake. Mosin ni rahisi kuliko zote. Pini yake, hata hivyo, imefungwa kwa nyuzi za skrubu, na wakati wa kurudisha ni lazima itokeze kwa kiasi sahihi. Kifaa kilichotolewa pamoja na bunduki kina pengo mbili zilizoandikwa 75 na 95, yaani inchi 0.075 na inchi 0.095, sawa na mm 1.9 na mm 2.4. Ncha ya pini iguse kwenye pengo la 75 na isiguse kwenye la 95. Ikiwa fupi, risasi hazilii. Ikiwa ndefu, inatoboa fataki na gesi inarudi kwenye bolti.

Namba nazo zina habari zake. Bunduki ambayo risiva (fremu inayoshika mtutu na bolti), bolti, sahani ya magazini na bamba la kitako vina namba moja iliyopigwa kiwandani ina bei yake kwa wakusanyaji. Nyingi za Kisovieti zina namba zinazolingana kwa sababu ya ukarabati: namba ya zamani imefutwa au kukatwa kwa mstari, mpya ikaandikwa kwa kalamu ya umeme yenye mwandiko wa kutetemeka. K98k, yaani Mauser 98 fupi za jeshi la Ujerumani, zilizotekwa na Wasovieti hujulikana kwa alama ya X kwenye risiva na kwa namba za namna hiyo. Kwenye K98k, herufi juu ya risiva hutaja kiwanda: byf ni Mauser wa Oberndorf, bnz ni Steyr, dot ni Brno, bcd ni Gustloff. Herufi SA ndani ya kisanduku ni jeshi la Finland, na Mosin yenye alama hiyo inastahili kutazamwa mara mbili, kwani Wafini waliihangaikia mitutu kuliko wenye bunduki wenyewe. Waswidi walikwenda mbali zaidi. Kwenye kitako cha bunduki zao nyingi za M96 kuna kisahani cha shaba kinachoonyesha kipenyo cha mtutu na hali ya ndani yake. Ni cheti cha daktari kilichopigiliwa ubavuni mwa mgonjwa. Uswisi, ukifungua bamba la kitako cha bunduki yao ya K31, mara nyingi unakuta kikaratasi chenye jina na kikosi cha askari aliyekabidhiwa. Kiache hapohapo.

Mtutu uchunguze ukiwa umesafishwa, si kabla. Mtutu mweusi dukani unaweza kuwa na grisi tu, na mtutu unaong'aa unaweza kuwa umelainika kama bomba la maji. Unachotafuta ni kingo za mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi: ziwe kali. Vidoa vidogo vya kutu ya zamani vilivyotawanyika kama baridi kwenye kioo havizuii bunduki kulenga vizuri. Vinafanya usafishaji uchukue muda tu. Kilicho kibaya zaidi ni mdomo uliolika. Jaribio la haraka ni kuingiza ncha ya risasi mdomoni na kuona inazama mpaka wapi. Ikibaki sehemu ya shaba nje ya mtutu, mdomo bado una uhai. Ikizama mpaka ganda liguse, mdomo umelika. Ila kuna mtego: mafundi wa maghala ya Kisovieti walikuwa wakikuta mdomo umelika kwa fimbo za kusafishia, waliutoboa na kuondoa mifereji kwa sentimita kadhaa ili risasi iuage mtutu ndani zaidi, penye mifereji mizima. Bunduki ya namna hiyo itafeli jaribio la ncha na bado ipige vizuri. Mulika tochi: ukiona ngazi ya mviringo ndani, ni kazi ya fundi. Ngazi hiyo hukusanya masizi na chumvi, kwa hiyo isafishwe peke yake kwa kijiti cha pamba.

Sasa hedispesi. Neno ni geni lakini jambo lenyewe ni dogo: ni nafasi kati ya uso wa bolti iliyofungwa na mahali ganda linapozuiwa lisisonge mbele. Kwa risasi zenye pindo, ukingo uliotokeza nje kitakoni mwa ganda, kama 7.62×54R ya Mosin na .303 ya Lee-Enfield, pindo ndilo linalozuia. Kwa zisizo na pindo kama 7.92×57 na .30-06, linazuia bega la ganda. Nafasi ikipungua, bolti haifungi. Ikizidi, pini husukuma ganda mbele, shinikizo huligandisha ubavu wake kwenye chemba, na kitako cha ganda hurudi nyuma kuitafuta bolti. Ganda linavutika katikati. Kwanza utaona pete inayong'aa kama sentimita moja juu ya kitako cha ganda, halafu ufa, halafu ganda linakatika vipande viwili, na kimoja kinabaki chembani. Gesi inayotoroka hapo huja upande wa uso wako.

Bolti iliyobadilishwa ndiyo sababu ya kwanza ya hitilafu hii, na haionekani kwa macho. Tumia geji, kipande cha chuma kilichokatwa kwa kipimo kamili. Toa pini na ndoano ya kuvutia ganda kutoka kwenye bolti, weka geji, na ufunge kwa kidole kimoja tu, maana mkono wa bolti una nguvu ya wenzo na unaweza kuifinya geji ikakudanganya. Kwa .303 ya kijeshi kiwango cha chini ni inchi 0.064 na cha juu ni inchi 0.074. Bolti ikifunga juu ya geji ya 0.074, bunduki isifyatuliwe mpaka irekebishwe. Lee-Enfield No. 4, iliyofuata SMLE, ina ukarimu hapa: kichwa cha bolti kinafunguka na kilitengenezwa kwa ukubwa wa namba 0, 1, 2 na 3. Namba kubwa ni kichwa kirefu, na nafasi inapungua. Hata hivyo usiamini namba pekee. Vipimo vya uzalishaji vilikuwa na uhuru wao, na kichwa cha namba 2 kinaweza kutofautiana kidogo sana na cha namba 1. Pima kila kimoja kwa maikromita. SMLE haina namba hizo. Kubandika vipande vya selotepu kwenye kitako cha ganda na kuhesabu tabaka ni mchezo. Selotepu hubonyea.

Zipo bunduki ambazo geji haiwezi kuzitetea. Springfield M1903 zenye namba chini ya 800,000 kutoka kiwanda cha Springfield, na chini ya 285,507 kutoka Rock Island, zina risiva zilizopashwa moto kupita kiasi wakati wa kufuliwa chuma kwa kuwa mafundi walikisia joto kwa macho. Chuma kilikuwa dhaifu kwa pigo la ghafla, na baadhi zilipasuka kama glasi mwaka 1917, ndipo utaratibu ukabadilishwa. Nyingi zimefyatuliwa salama tangu hapo, nami bado ninashauri zitundikwe ukutani. Arisaka za mafunzo zilitengenezwa kwa risasi za bandia tu. Risiva zake ni chuma cha kumimina. Lee-Enfield yenye herufi DP ilikuwa ya kwata. Ross Mk III ya Kanada ina bolti inayoweza kuunganishwa vibaya ikaingia kwenye risiva bila meno kujifunga, na kwa mtazamo wa juujuu inaonekana imefungwa. Usiifyatue kabla hujaona kwa macho meno yakizunguka na kukaa mahali pake.

Hatari ya kimyakimya kuliko zote ni ya risasi ya Kijerumani ya 7.92×57. Kombora lake la asili, yaani ile sehemu ya risasi inayoruka, lilikuwa na kipenyo cha mm 8.08 hivi. Baadaye wakahamia kombora lenye ncha la mm 8.22, na mitutu ikapanuliwa. Gewehr 88 ya zamani isiyobadilishwa itapokea risasi mpya bila pingamizi, kwa sababu ganda ni lilelile, na kombora nene litalazimishwa kwenye mtutu mwembamba mbele ya risiva dhaifu kuliko ya Mauser 98. Alama S kwenye risiva ni dalili ya kubadilishwa, lakini dalili haitoshi. Pima mtutu.

Kupima mtutu ni kazi ya dakika 10. Chukua tufe la madini laini ya risasi (Kiswahili kimetupa neno moja kwa madini na kwa kombora, na hapa linaleta vurugu) lililo kubwa kidogo kuliko mtutu, lipake mafuta, ligonge liingie kutokea mdomoni, ulisukume kwa ufito wa shaba mpaka litokee chembani. Litatoka limechongwa mfano wa ndani ya mtutu. Pima kilele hadi kilele cha mifereji. Kwa Lee-Enfield za mifereji mitano vilele havitazamani, hivyo kipimo kinataka ujanja. Zile za wakati wa vita zenye mifereji miwili hupimika bila shida. Mosin na .303 nyingi zitatoa mm 7.9 au zaidi. Kwa hiyo makombora ya .308, yenye mm 7.82, huyumba ndani yake na kupiga shabaha kwa ubavu. Carcano ya Italia ya 6.5 inataka kombora la mm 6.8, ilhali makombora mengi yanayouzwa kwa jina la 6.5 yana mm 6.7. Hii ndiyo sababu Carcano ikapata sifa ya kutolenga. Tofauti ni sehemu moja ya kumi ya milimita, na jina zuri limepotea.

Carcano ina sharti jingine. Bila klipu yake ya risasi 6, magazini si magazini. Klipu huingia pamoja na risasi, hukaa ndani, na hudondoka kupitia tundu la chini baada ya risasi ya mwisho kuingia chembani. Steyr M95 nayo hutaka klipu, ya risasi 5. Nunua klipu kabla ya risasi. Mauser na Mosin hutumia ukanda wa chuma wa risasi 5 unaobaki nje, ukisukuma kwa gumba karibu na ukanda, si katikati ya risasi ya juu. Kwa risasi zenye pindo kanuni ni moja: pindo la risasi ya juu liwe mbele ya pindo la iliyo chini yake. Likikaa nyuma, bolti inasukuma risasi mbili kwa pamoja na zote zinakwama. Mosin ina kibamba cha kutenganisha kilicho upande wa kushoto wa magazini, kinachoishika risasi ya pili isiinuke mpaka bolti ifungwe. Kikiwa na grisi au skrubu yake ikilegea, risasi zitaruka au kubanana, na watu watalaumu magazini. Lee-Enfield huchukua kanda mbili za 5.

Risasi za zamani. Za nchi za kambi ya Kisovieti, zile za 7.62×54R zinazokuja kwenye debe la chuma lililozibwa lenye risasi 440 katika paketi za 20, zichukulie zote kuwa za kuleta kutu hata kama muuzaji ameapa. Fataki zake zina klorati ya potasiamu. Baada ya kulipuka inabaki kloridi ya potasiamu, chumvi inayovuta unyevu hewani kama chumvi ya jikoni. Mafuta hayaiyeyushi, maji huiyeyusha. Anayesafisha kwa mafuta peke yake anaifunika chumvi na kuilinda isitoke. GP11 ya Uswisi ni tofauti, fataki zake hazina chumvi hiyo.

Rangi ya ncha ina maana kwa risasi za Kisovieti. Fedha ni risasi nyepesi yenye kiini cha chuma laini, njano ni kombora zito, kijani ni ya kuacha mwanga njiani, nyeusi na nyekundu kwa pamoja ni ya kutoboa chuma na kuwasha. Hizi mbili za mwisho hazina kazi kwenye uwanja wa shabaha. Hata zenye ncha ya fedha huvutwa na sumaku, na viwanja vingi hukataa chochote kinachovutwa na sumaku kwa sababu ya sahani za chuma na cheche kwenye majani makavu. Ganda la zamani lenye ufa shingoni au ukungu wa kijani unaokwaruzika kwa kucha liache. Kulifuta ni sawa ikiwa chini yake shaba haijatafunwa.

Risasi isipolia, bunduki ielekezwe shabahani na uhesabu walau sekunde 30 kabla ya kufungua, kwani fataki iliyozeeka inaweza kuwaka kwa kuchelewa. Risasi ikilia kwa sauti ya chini, kama kizibo, usipige ya pili. Toa bolti na uangalie mwanga kupitia mtutu, kombora linaweza kuwa limebaki katikati.

Siku ya kwanza uwanjani hufanywa kwa mpangilio. Nyumbani, bunduki ikiwa tupu, koki, tia usalama, vuta kifyatulio, achia, toa usalama: isifyatuke. Koki tena na upige bamba la kitako kwa kiganja: isifyatuke. Uwanjani bunduki usiyoiamini ifungwe kwenye tairi au kitegemeo na ivutwe kwa kamba ndefu, risasi moja moja, kwa risasi tatu. Kila ganda litazame: fataki iliyotobolewa, pete inayong'aa, bega lililovimba upande mmoja. Yakiwa sawa, vaa miwani na vizuia sauti vya masikioni, kaa, upige risasi 5 za kwanza begani kwa m 50, usirekebishe kitu mpaka zote 5 ziwe shabahani.

Usishangae zikienda juu. Kilengeo cha nyuma cha K98k na cha Mosin hakishuki chini ya m 100, na vita havikuhitaji usahihi wa sahani. Mosin 91/30 ililengwa kiwandani ikiwa na singe yake mdomoni. Bila singe mtutu hutetemeka kwa mdundo mwingine na risasi hubadili mahali. Unaweza kupiga ukiwa na singe, au urekebishe kilengeo cha mbele. Kipimo cha marekebisho ni hesabu ya shule ya msingi: umbali kati ya vilengeo viwili, zidisha kwa kosa, gawa kwa umbali wa shabaha. Mosin ina mm 622 kati ya vilengeo; kosa la mm 200 kwa m 100 ni 622 mara 200, gawa kwa 100,000, sawa na mm 1.24. Kilengeo cha mbele hufuata kosa: risasi zikienda kulia, kisogeze kulia; zikienda juu, kirefushe. Kwa kukirefusha bila kuharibu kitu, kata ganda la plastiki la waya mwembamba wa umeme, livishe kwenye sindano ya kilengeo, upunguze kidogo kidogo kwa kisu mpaka risasi zishuke. Kwa No. 4 vilitengenezwa vilengeo vya mbele vya urefu mbalimbali vinavyopishana kwa inchi 0.015, kwa hiyo ni kubadilisha tu.

Kundi la risasi likitawanyika bila mpangilio, usiguse vilengeo. Tazama mbao. Vyaelea vimeundwa: Lee-Enfield ililengwa kwa mbao ya mbele kuinua mtutu karibu na mdomo kwa nguvu ya kilo 2 hivi, na nyuma mbao ilibana risiva sawasawa pande zote mbili. Mbao ikikauka au kulika hapo, mtutu unarukaruka. Kwenye Mauser angalia skrubu za chini. Kaza ya mbele kwanza, kisha ya nyuma.

Ukijaza risasi mwenyewe, maganda ya Berdan yana matundu mawili madogo chini na fataki zake ni ngumu kuzitoa. Ya Boxer yana tundu moja katikati, nayo ndiyo ya kujazwa. Chemba za .303 za vita zilikatwa kwa ukarimu ili risasi yenye matope iingie, na bolti yake hufungwa nyuma, kwa hiyo ganda huvutika hata hedispesi ikiwa sahihi. Rudisha shingo tu, si mwili wote, na ganda lirudi kwenye bunduki ileile. Linaloshindiliwa lote kila mara linaweza kukatika baada ya kujazwa mara tatu nne.

Kibali, usajili na namna ya kufungia bunduki ni sheria ya mahali ulipo, na uijue kabla ya kununua. Usafishaji baada ya risasi zenye chumvi hausubiri kesho. Toa bolti, weka faneli chembani yenye bomba fupi, mimina lita moja ya maji yanayochemka yapite mtutuni, mdomo ukiwa ndani ya ndoo. Mtutu utapata joto na kujikausha wenyewe. Osha uso wa bolti, ncha ya pini, sakafu ya magazini na mdomo wa mtutu, kwa kuwa chumvi hutua kote gesi ilikopita. Singe pia, ikiwa ilikuwa mdomoni. Pitisha brashi na kiyeyushio cha shaba, vitambaa vikavu, kisha mafuta mepesi. Siku ya tatu pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kahawia, chumvi imebaki: chemsha maji tena, uanze upya, na uangalie siku tatu baadaye.